Nyumba Iliyoshika Jembe

Mama mkwe wangu, mama wa Feza, wewe ambaye tangu niwe mkweo sikukutazama usoni,

Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani pa Nyumba, zahanati yetu ya hapa Lusangi, saa tisa mchana. Wagonjwa wa leo wamekwisha kwenda zao. Miaka yote niliyokuwa mkweo sidhani kama tulisemezana maneno kumi mfululizo, na hayo machache yalipitia kinywa cha mtu mwingine. Ulikuwa ukisikia kengele ya baiskeli yangu unaingia majanini. Siku moja uliingia kwenye shamba la mihogo na ndoo ya maji kichwani, na hukumwaga hata tone. Mimi nikapita nikitazama upande wa pili kama adabu ya mkwe inavyotaka, lakini nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka. Leo nacheka tena, na machozi yananitoka.

Barua haina macho. Ndiyo maana naona naweza kukuandikia bila kuvunja heshima yako.

Kwanza niseme linaloniuma. Ulipoanza kukohoa nilikuwa njiani kwenda Kabambare kuchukua dawa. Njia ile unaijua. Madaraja mawili yalikuwa yamekwenda na mvua, na baiskeli niliibeba mimi zaidi ya ilivyonibeba yenyewe. Nilipanga siku tatu, zikawa sita. Nilirudi na sanduku limejaa, na dawa ya kifua ilikuwa humo ndani, nimeifunga kwa pamba isivunjike. Nikasikia vilio kabla sijavuka mto. Vijana waliokuja kunipokea walilipokea sanduku tu, maana mimi nilikaa chini hapohapo njiani.

Siku ya kukuzika nilisimama mbali, kwenye mstari wa migomba, nimeshika kamba ya mbuzi wa msiba, nimekupa mgongo. Ndiyo desturi ya kwenu na ya kwetu: mkwe hatupi udongo juu ya mama mkwe, wala hakaribii kaburi lake. Nilisikia majembe tu. Feza aliniambia baadaye kwamba umelazwa mwisho wa shamba lako la mpunga, pale ulipopenda kupumzika jua likiwa kali. Wiki nzima nimepita njia ile nikitazama upande wa pili. Nina neno moja la kukwambia, neno la shukrani, na sijui namna ya kulifikisha kwa mtu nisiyeruhusiwa kumkaribia hata akiwa chini ya ardhi.

Basi acha nirudi tulikotoka, labda nitaiona njia.

Mwanzo wa Nyumba sikuuona kwa macho. Niliusikia mashambani, kila mama akiusimulia kwa namna yake. Mdogo wako alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto akakataa kutoka. Wakamlaza kwenye machela wampeleke hospitali ya Kasongo, wabebaji wakipokezana mabega. Siku ya pili machela ikanyamaza. Wakageuka nayo polepole, maana haraka ilikuwa imekwisha.

Msimu huohuo Bwana wa teritwari, mzungu aliyeshika utawala wa kwetu, alikuja kuangalia pamba. Wazee wakamwomba nyumba ya kuzalia. Akajibu kwamba sanduku la sheferi, yaani la utawala wa chifu, halina kitu, fedha yote imekwenda kwenye barabara na kwenye nyumba ya kulala wageni wa serikali. Lakini kama watu wenyewe watasimamisha nyumba ya matofali ya kuchoma yenye sakafu ya simenti, serikali italeta mabati, dawa na muuguzi. Wazee wakatazamana. Nguvu gani ilikuwa imebaki? Kulikuwa na pamba ya lazima, monitere, msimamizi wa pamba, akipima mashamba kwa kamba yake, kulikuwa na barabara ya kulima, kulikuwa na kodi. Wakasema ndiyo Bwana, na kila mtu alijua maana yake ni hapana.

Wewe ulikuwa umekaa nyuma na wanawake wenzako. Ulikuwa ukichora chini kwa kijiti.

Kesho yake ilikuwa siku ya likilimba. Barua hii itasomwa kwa sauti na binti yako Mauwa, na Mauwa amekaa shuleni Kasongo muda mrefu, kwa hiyo nimkumbushe asije akapotea: likilimba ni kazi ya zamu. Mlikuwa wanawake kumi na wawili. Leo mnalima wote kwa huyu, siku nyingine kwa yule, mpaka mzunguko ufike mwisho. Anayelimiwa anapika chakula. Asiyerudisha zamu za wenzake hana jina tena mjini wala porini.

Siku hiyo ulikuja na majembe mawili. Moja ulilishika, la pili ukalisimika mwisho wa mstari, mpini juu, peke yake. Mama Bitondo, mkunga wa kijiji na rafiki yako wa tangu utotoni, ndiye aliyekuuliza.

“Hii jembe ni ya nani?”

“Iko mwenzetu mupya,” ukasema. “Jina yake Nyumba. Haina mikono bado, lakini iko na shamba. Pale nyuma ya muhogo wangu. Tutalima kwa Nyumba kama tunalima kwa mutu.”

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema: “Na Nyumba itaturudishia zamu na nini? Na mulango?”

Ukamjibu bila kucheka: “Mutoto akizaliwa leo, utamuambia alime leo? Muache azaliwe kwanza. Akikomaa, atalima.”

Mama, nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko neno lolote nililofundishwa na madaktari. Mimi nimeona makaratasi ya serikali yaliyojaa sababu kwa nini kitu fulani hakiwezi kujengwa. Wewe hukutafuta fedha kwanza, wala hukumwomba mtu ambacho hakuwa nacho. Uliikuta kazi ya zamu ikiwepo tangu bibi zenu, ukaingiza ndani yake mtu ambaye hajazaliwa. Sijui uliliona wapi jambo hilo. Nastaajabu mpaka leo, na sioni aibu kulisema.

Mkalima shamba la Nyumba misimu mitatu. Mpunga ulikwenda Kasongo vichwani mwenu na kurudi ukiwa mifuko ya simenti. Msimu wa kwanza wanaume walicheka. Wa pili walinyamaza. Wa tatu waliona haya, wakaanza kufyatua matofali na kuyachoma, wakidai kwamba walikuwa wamepanga hivyo tangu zamani. Mabati yakaja kweli kwa lori, na watoto wakakimbia nyuma yake wakipiga kelele. Hatimaye nikaja mimi.

Hebu nijicheke kidogo, nawe ucheke huko uliko. Mimi mwana wa Kasongo, mtoto wa fundi cherehani, niliyelelewa karibu na msikiti na soko, nimemaliza mafunzo yangu hospitalini, nina kaptura nyeupe iliyopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Nilijiona mtu aliyeletwa kuwaokoa washamba. Nikalala usiku wa kwanza nikipanga jinsi watakavyonisalimia.

Asubuhi nikasikia, “Hodi, Nyumba!” Nikafungua mlango. Wanawake kumi na wawili wamesimama na majembe begani, nawe uko mbele yao. Nikafurahi, nikadhani wote ni wagonjwa. Nikawapanga foleni. Nikamuuliza wa kwanza anaumwa wapi.

“Siumwi,” akasema. “Tulikuja kuchukua Nyumba. Leo zamu ni ya Mama Bitondo.”

Nikacheka kwa heshima, kama mtu anavyowacheka watoto. Nikawaeleza kwamba nyumba ni matofali, haiendi shambani, na kwamba mimi ni muuguzi wa serikali, kazi yangu ni dawa. Ndipo ukatoa lile jembe la pili. Mpini wake ulikuwa mweupe bado, haujashikwa na mtu hata siku moja. Ukanisogezea. Siku hizo ulikuwa bado unaweza kunitazama, maana hatukuwa kitu, na ulinitazama kwelikweli.

“Hatukukuita weye,” ukasema. “Tunaita Nyumba. Siye tulilimia Nyumba misimu tatu, sasa imekomaa. Kama haina mikono, weye unafanya nini ndani yake?”

Nikavua viatu.

Niliporudi jioni, viganja vyangu vilikuwa vimejaa malengelenge, nikajifunga bandeji yangu mwenyewe, mgonjwa wa kwanza wa zahanati ya Lusangi. Nikaapa kwamba nitaandika barua Kabambare kushtaki ujinga huu. Sikuandika, kwa sababu nilikuwa na njaa na Mama Bitondo alinipikia samaki wa kukaanga na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, iliyotulia.

Wiki zilizofuata wanaume walikuja na vidonda, watoto na homa. Mwanamke mwenye mimba hakuja hata mmoja. Mlikuwa mmejenga nyumba ya kuzalia kwa jasho lenu, kisha mnaona haya kuingia, maana ndani yake yumo kijana wa kiume asiye na ndevu. Nilikaa na kitanda changu kitupu nikikipangusa vumbi kila asubuhi. Na kila siku tatu mlikuja, “Hodi, Nyumba!” nami nikaenda kulima.

Pale mstarini ndipo nilipojifunza kazi yangu. Watu wakiinama pamoja, macho chini, jembe likienda, maneno yanatoka yenyewe. Mama mmoja aliyelima pembeni yangu akasema, kama anauambia udongo, kwamba miguu inamvimba na kichwa kinamuuma, na mpunga ukivunwa atazaa. Mwingine akasema damu ilimtoka juzi. Hawakuniambia mimi. Waliiambia Nyumba, iliyokuwa imeinama nao, inatokwa jasho kama wao, na inacheleweshwa na magugu kuliko wao wote. Siku iliyofuata nilibeba jembe begani na mfuko wa dawa mgongoni. Wakati wa kupumzika nikamtazama yule mwenye miguu, na wiki hiyohiyo akaja mwenyewe, akalala kwenye kile kitanda. Alizaa salama. Wa pili akaja. Wa tatu akaja na mama yake na kuku wawili.

Daktari mzungu wa safari alipopita, aliniuliza kwa nini daftari la wajawazito la Lusangi limejaa kuliko la vituo vikubwa. Nikamwonyesha viganja vyangu. Akavitazama muda mrefu, akadhani nina ugonjwa wa ngozi.

Mama, jambo nililotaka kulishtaki kama ujinga ndilo lililoifungua Nyumba. Kama ningebaki ndani na kaptura yangu nyeupe, matofali yale yangekuwa ghala la popo.

Sasa nije kwa Feza. Unajua jinsi alivyokuwa akileta maji mstarini, na jinsi mimi nilivyokuwa na kiu kuliko watu wote. Mama Bitondo alinitania: “Munganga, utakunywa mto muzima!” Nilipotuma mshenga kwako, nilikuwa na hakika ya jibu. Ulinipenda kama mwanao, kila mtu aliona. Lakini ulinyamaza siku tatu. Nikaumia. Nikasema moyoni, kumbe natosha kulima, sitoshi kuoa.

Feza ndiye aliyenieleza, miezi baadaye. Ulikuwa umemwambia: “Mutoto yangu, huyu kijana akikuoa atakuwa mukwe yangu. Na mukwe hawezi kunigusa. Nyumba niliyoijenga itanifungia mulango.” Kisha ukamtazama, ukaona anavyolia, ukasema: “Lakini mimi nimekwisha kuzaa. Olewa.”

Nilikuwa mjinga kiasi gani, mama. Nilihesabu mbuzi na majembe ya mahari, na wewe ulikuwa umetoa kitu ambacho hakuna mshenga angeweza kukidai.

Tangu siku hiyo ukawa mtu wa majanini. Kwenye likilimba ulihamia mwisho wa mstari upande wa kushoto, mimi nikabaki mwisho wa kulia, na wanawake wote katikati yetu kama ukuta. Ukitaka kunikemea kwamba nalima juujuu, ulisema na kuku aliyekuwa akipita. “Weye kuku, unalima kama mutu wa Kasongo!” Nami nikamjibu kuku yuleyule kwamba nimesikia.

Halafu likaja lile ambalo wewe mwenyewe hukulitarajia. Ulikuwa na nywele nyeupe tayari, na mimba ikaingia. Ukaificha chini ya vitenge. Ulilima nayo, mwisho wa mstari, mbali na macho ya Nyumba, na hukuuambia udongo kitu. Feza alijua, akanyamaza kwa sababu ulimwapisha. Mimi niliyejisifu kwamba nazijua mimba zote za Lusangi, ya mama mkwe wangu sikuijua.

Asubuhi ile Feza aliingia hapa mbio bila kitambaa kichwani. Alisema una siku mbili na uchungu nyumbani kwa Mama Bitondo. Mtoto anatanguliza miguu. Mama Bitondo amefanya yote anayoyajua, na mikono yake imechoka. Ndugu zako wa kiume walikuwa wakishauriana juu ya machela na njia ya Kasongo. Nilisikia neno machela, nikaona njia nzima mbele yangu, na mahali ile nyingine iliponyamazia.

Nikamwambia Feza: “Mulete hapa.”

“Haiwezekani,” akasema. “Weye ni mukwe.”

Tukasimama, mume na mke, tukitazamana kama watu wawili waliojenga ukuta na kusahau kuweka mlango. Kama ningekuja kwako na ukakataa, ungekufa. Kama ningekuja na ukakubali, mbele ya watu ungekuwa umevuliwa heshima, na nilikujua: ungekufa kwa aibu baada ya kupona. Mikono yangu ilijua la kufanya na haikuwa na ruhusa.

Ndipo tukasikia nje, “Hodi, Nyumba!”

Ilikuwa sauti ya Mama Bitondo. Nikatoka. Wanawake wa likilimba walikuwa wamekubeba wenyewe kwenye mkeka, wakiwa wamekuzungushia vitenge pande zote, na mbele yao Mama Bitondo amebeba lile jembe la Nyumba, ambalo mpini wake sasa ulikuwa umeng'aa kwa viganja vyangu. Ndugu zako walikuja nyuma wakifoka kwamba haya ni matusi, mkwe yumo ndani. Wanawake hawakugeuka. Wakakuingiza, wakatundika kitenge katikati ya chumba ili nisione uso wako wala wewe usione wangu.

Halafu ukasema. Sauti yako ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa ileile iliyonivua viatu.

“Bitondo. Uliza kama Nyumba iko.”

Mama Bitondo akaniuliza. Nikajibu, “Iko.”

“Uiambie leo ni zamu yangu,” ukasema. “Ilime.”

Mikono yangu ikapata ruhusa. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Mkwe alitoka chumbani, sijui alikwenda wapi. Aliyebaki alikuwa yule mwenzenu wa kumi na tatu, mliyemlimia misimu mitatu kabla hajawa na mikono. Nilifanya nilichofundishwa, polepole, na Mama Bitondo akikukandamiza tumbo nilipomwambia sukuma. Miguu, kiuno, mabega, kichwa. Msichana. Alikaa kimya muda ambao bado nauota. Halafu akalia, na nje wanawake wakapiga vigelegele mpaka mabati yakatetemeka.

Ndugu zako walikuwa wakingoja mlangoni na maneno yao. Wakadai fidia kwako na kwangu, kwa sababu mwiko umevunjwa. Ukawajibu kutoka nyuma ya kitenge, hata hujanywa uji: “Mukwe? Mukwe gani? Mimi sikuona mukwe hapa. Nimelimiwa na Nyumba. Muulize wanawake wote.” Wanawake wote wakasema hawakuona mkwe. Na kabla watu hawajatawanyika ukaongeza: “Na huyo mukwe yangu mwenyewe, mbona hajaleta mbuzi ya kupongeza mutoto? Ao hajapata habari?”

Nikaleta mbuzi. Nikamfunga kwenye mgomba, nikakohoa kutoka mbali kama mgeni aliyefika sasa hivi. Siku ya tatu, ulipotoka hapa na Mauwa mgongoni, ulisikia kengele ya baiskeli yangu ukaingia majanini.

Hiyo ndiyo habari yetu, mama. Sikuwahi kukushukuru. Ningeanzaje? Kukushukuru kungekuwa kukiri kwamba nilikuwepo.

Lakini nitakwambia kilichonifanya nichukue kalamu leo. Saa sita mchana, nikiwa nafunga kidonda cha mzee mmoja, Mama Bitondo alikuja. Amezeeka sana, alikuja akiegemea jembe. Hakuingia. Alisimama pale pale pa siku ile, akaita, “Hodi, Nyumba.” Nikatoka.

“Kesho ni zamu ya mwenzetu,” akasema. “Mupunga wake umeshikwa na majani. Mauwa ameingia mahali pa mama yake, atapika. Nyumba inakuya, ao haikuyi?”

Nikainamisha kichwa. Nikasema: “Mama, kaburi liko mwisho wa shamba lile. Mukwe hawezi kukaribia.”

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayechelewa kuelewa.

“Sikuuliza mukwe,” akasema. Akaliegemeza jembe ukutani, akaenda zake.

Jembe hilo liko hapa karibu nami ninapoandika. Chuma kimebadilishwa mara mbili, mpini ni uleule uliousimika mwisho wa mstari, siku Nyumba ilipokuwa neno tu kinywani mwako na wenzako wakicheka. Nimekumbuka watoto wote waliolia kwa mara ya kwanza chini ya mabati haya. Sikuwahesabu, maana ni wengi; hata wangu watatu wamo, na Mauwa yumo, na wengine wamekwisha kuwa wakubwa wanafyatua matofali ya chumba cha pili. Hawajui kwamba walianzia kwenye jembe lisilo na mtu. Kesho watajua, Mauwa atakaposoma haya kabla udongo haujaguswa. Mauwa, ukifika hapa usilie, endelea kusoma.

Mama, kesho asubuhi mkweo atabaki nyumbani. Atakupa mgongo kama adabu inavyotaka, na ukimwulizia utaambiwa hajapata habari. Lakini Nyumba itatoka mapema, bila viatu. Itachukua nafasi yake mwisho wa mstari, ila si upande wa kulia. Itawaomba wanawake upande wa kushoto, uliokuwa wako. Italima magugu yako mpaka kwenye ukingo wa pale ulipolala, na ikifika hapo itainama, macho chini, na itasema na udongo yale niliyoshindwa kukwambia.

Pumzika, mama. Zamu yako haijasahauliwa.

Ni mimi, mwenzenu wa kumi na tatu,
mkono wa Nyumba.